Namna ya kupima kama protini mbili zinashirikiana kushika DNA

Protini zinazodhibiti unakili wa jeni, yaani kunakiliwa kwa DNA kuwa RNA, husoma DNA kwa maneno mafupi. Nyingi kati ya zile za binadamu, ambazo kwa jumla zinakadiriwa kufikia 1,600, hutambua mfuatano wa besi 6 hadi 12 tu, na tatizo huanzia hapo. Mfuatano mahususi wa besi 6 hujitokeza kwa bahati mara moja katika kila besi 4,096, kwa hiyo katika jenomu ya binadamu yenye jozi za besi bilioni 3.1 utaukuta zaidi ya mara 750,000, hata ukihesabu uzi mmoja peke yake. Jeni zenye kubeba maelezo ya protini hazizidi sana 20,000. Mfuatano wa besi 12, kwa upande wake, hujitokeza mara moja katika kila besi 16,777,216, yaani mara 185 hivi katika jenomu nzima. Protini mbili zenye kusoma besi 6 kila moja, zikikubali kutulia pale tu maneno yao mawili yanapofuatana, huwa kana kwamba ni msomaji mmoja wa besi 12, na makelele yote ya vituo vya bahati yanapungua.

Faida hiyo haipatikani kwa kukaa pamoja tu. Ikiwa protini A hushika kituo chake bila kujali kama B yupo au hayupo, hata ukizikuta zote mbili juu ya kipande kimoja cha DNA, kila moja ingali inasoma neno lake peke yake. Ushirikiano maana yake ni kwamba kuwepo kwa mmoja juu ya DNA kunamfanya mwenzake ashike kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo angeshika akiwa peke yake. Hilo ni jambo la kipimo, nalo lina namba yake, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata. Protini hizi za kudhibiti unakili nitaziita vidhibiti, na mahali zinaposhika pataitwa kituo.

Hesabu kabla ya pipeti

Watu wengi hukimbilia maabara kabla ya kujua wangetarajia nini kama ushirikiano haupo. Mimi hushauri kuanza na karatasi.

Tuseme kidhibiti A, kwa ukolezi uliochagua, hushika asilimia 20 ya vipande vya DNA kikiwa peke yake, na B vilevile asilimia 20. Kama havijuani, vipande vyenye vyote viwili vitakuwa asilimia 20 ya asilimia 20, yaani asilimia 4. Vyenye A pekee vitakuwa 16, vyenye B pekee 16, na vilivyo tupu 64. Namba hizi nne ndizo kipimo chako cha kutojuana, na matokeo yoyote utakayoyapata baadaye yatalinganishwa nazo.

Sasa weka ushirikiano. Kila hali ya DNA ipe uzito wake: kipande kitupu kina uzito wa 1, chenye A kina 0.25, kwa sababu 0.25 ukiigawanya kwa 1.25 unapata ile asilimia 20. Chenye B kina 0.25, na chenye vyote viwili kina 0.25 × 0.25, yaani 0.0625, ikizidishwa kwa namba moja ya ziada ambayo nitaiita kizidishi cha ushirikiano. Kizidishi kikiwa 1, vidhibiti havijuani. Kikiwa chini ya 1, vinasukumana. Kikiwa 16, uzito wa hali ya nne unakuwa 1, jumla ya uzito wote inakuwa 2.5, na vipande vinagawanyika hivi: vitupu asilimia 40, A pekee 10, B pekee 10, vyote viwili 40. Asilimia 4 imekuwa 40 bila kuongeza hata tone la protini.

Nguvu inayohitajika kwa badiliko hilo ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kwa nyuzijoto 25, zidisha 2.48 kwa logi asilia ya kizidishi, utapata nishati kwa kilojuli kwa kila moli. Kwa kizidishi cha 16 ni 6.9 hivi. Mgusano wa asidi amino chache tu unatosha kuitoa. Ushirikiano uliopimwa kwa makini kuliko mwingi mwingine, ule wa kizuizi (kidhibiti kinachozima jeni) cha virusi vya bakteria viitwavyo lambda, umekadiriwa kuwa kati ya kilojuli 8 na 13 hivi. Ukipata namba ya kilojuli 40, usifurahi. Rudi ukakague jaribio.

Kuandaa vipande vya DNA

Utahitaji vipande vinne, si kimoja. Cha kwanza kina vituo vyote viwili kama vilivyo katika jeni. Cha pili kimeharibiwa kituo cha A, cha tatu kimeharibiwa kituo cha B, na cha nne kimeharibiwa vyote. Haribu kwa kubadilisha besi zile ambazo kidhibiti hakiwezi kuvumilia zibadilike, bila kubadilisha urefu wa kipande. Acha besi 10 au zaidi kila upande wa vituo, kwa sababu kidhibiti kinachoshika ukingoni mwa kipande hushika vibaya, na udhaifu huo unaweza kufanana na ukosefu wa ushirikiano. Bandika rangi yenye kung'aa kwenye ncha ya uzi mmoja, au tumia fosforasi yenye mionzi ikiwa una kibali na vifaa vyake.

Kipande cha nne ndicho ambacho watu hukiacha ili kuokoa fedha, nacho ndicho kinachofichua protini inayoshika DNA yoyote iliyo mbele yake.

Jeli, na kwa nini ukolezi haukusumbui

Njia niipendayo kuliko zote ni ile ya jeli isiyovunja protini, iliyochapishwa na makundi mawili tofauti mwaka 1981, Garner na Revzin kwa upande mmoja, Fried na Crothers kwa upande mwingine. Wazo lake ni jepesi: DNA tupu hukimbia haraka ndani ya jeli inapovutwa na umeme, na DNA iliyobeba protini huburuta. Kipande chenye protini moja hubaki nyuma kidogo, chenye mbili hubaki nyuma zaidi. Kwa jozi ya vidhibiti vyenye ukubwa tofauti utaona mistari minne, kila mmoja ukiwakilisha mojawapo ya zile hali nne za kwenye karatasi.

Changanya DNA na vidhibiti katika maji yenye chumvi na pH uliyoichagua, kisha acha mchanganyiko utulie hadi ufikie msawazo. Usikisie muda: andaa mirija mitatu iliyo sawa, usubiri dakika 15 kwa wa kwanza, 45 kwa wa pili na 90 kwa wa tatu, na ikiwa mirija miwili ya mwisho inatoa picha moja, basi dakika 45 zinatosha. DNA iwe kidogo sana, walau mara kumi chini ya ukolezi unaoshikisha nusu ya vipande, ukitaka kupima nguvu ya kila kidhibiti kikiwa peke yake. Jeli ya akrilamidi ya asilimia 5 au 6 inafaa kwa vipande vifupi. Iwe ya baridi, na uanze kuipitisha umeme kabla ya kupakia. Rangi ya kufuatilia mwendo uiweke kwenye njia yake pekee (njia ya jeli ni safu ambayo sampuli moja hupita), isiguse sampuli, kwa maana huweza kuachanisha protini na DNA.

Soma mwangaza wa kila mstari kwa skana, ugawanye kwa jumla ya mwangaza wa njia hiyo, upate sehemu nne. Kisha:

kizidishi = (vyote viwili × tupu) ÷ (A pekee × B pekee)

Rudi kwenye mfano wetu: 0.40 × 0.40 ni 0.16, 0.10 × 0.10 ni 0.01, jibu ni 16. Angalia uzuri wa kanuni hii. Ukolezi wa A unatokea juu mara moja na chini mara moja, na wa B vivyo hivyo, kwa hiyo vyote vinafutana. Huhitaji kujua ni kiasi gani cha protini yako kingali hai, jambo ambalo huwatesa watu kwa wiki nzima, kwa sababu protini iliyosafishwa karibu kila mara huwa na sehemu iliyokufa. Hata kama nusu ya A imeharibika kwenye friza, kizidishi hakibadiliki. Fanya hivyo kwa njia tano au sita zenye ukolezi tofauti. Kizidishi kikibaki palepale, una namba ya kuaminika, na kikipanda au kushuka kadiri unavyoongeza protini, kuna hali ya tano ambayo hujaihesabu.

Hali hiyo ya tano mara nyingi ni protini A mbili juu ya kipande kimoja. Mstari wake unaweza kuangukia palepale unapotarajia vyote viwili, na hapa nakiri kwamba nimewahi kufurahia mstari wa aina hiyo kwa siku mbili kabla ya kukiweka kipande chenye kituo cha B kilichoharibiwa na kuukuta mstari uleule umetulia mahali pake. Tangu hapo vipande vyote vinne huvipitisha kwenye jeli moja. Kingamwili ya B ni uthibitisho mwingine: ikiongezwa, mstari wenye B ama husogea juu zaidi ama hutoweka.

Kuna matatizo mengine mawili ya kusoma mistari. La kwanza ni vidhibiti vyenye ukubwa unaokaribiana, ambapo mstari wa A na wa B huungana. Dawa ya kudumu ni kuunganisha mojawapo na protini nyingine ili izidi uzito, lakini hata kabla ya hapo unaweza kupata kiwango cha chini kabisa cha kizidishi: chukua vyote viwili × tupu × 4, ugawanye kwa kipeo cha pili cha mstari ulioungana. Kizidishi halisi hakiwezi kuwa chini ya hapo, kwa kuwa mgawanyo wa nusu kwa nusu ndio unaotoa zao kubwa kuliko yote. La pili ni ushirikiano wenye nguvu mno, ambapo mistari ya kati hufifia karibu isionekane. Kizidishi kikiwa 1,000 mistari hiyo huwa asilimia moja au mbili tu, na kosa dogo la skana linaongezeka maradufu. Hapo badilisha mbinu. Jaza kituo cha B kwa kuweka B kwa wingi, kisha tafuta ukolezi wa A unaoshikisha nusu ya vipande, mara moja B akiwepo na mara nyingine asiwepo. Ukolezi wa pili ukiugawanya kwa wa kwanza, unapata kizidishi kilekile.

Wengi hutumia pia mkunjo wa Hill, unaoonyesha sehemu iliyoshikwa kadiri ukolezi unavyopanda, uliobuniwa na Archibald Hill mwaka 1910 kwa ajili ya himoglobini. Ni mzuri kwa kuelezea umbo la mkunjo, lakini usiusome zaidi ya hapo. Himoglobini ina vituo vinne vya oksijeni na namba yake ya Hill, ile inayoonyesha ukali wa mkunjo, haifiki hata 3, na kidhibiti kinachoungana na mwenzake wa aina moja kabla ya kushika DNA kinaweza kukupa mkunjo mkali kwa kituo kimoja tu, bila jirani yeyote wa kushirikiana naye.

Kutafuta wanashikana kwa njia gani

Namba ukiwa nayo, swali linalofuata ni chanzo chake. Jaribio la bei nafuu kuliko yote ni kubadilisha umbali kati ya vituo. DNA hukamilisha mzunguko mmoja wa msokoto wake kwa kila jozi 10.5 za besi. Ukiongeza jozi 5 kati ya vituo, unakigeuza kidhibiti kimoja hadi upande wa pili wa msokoto. Ukiongeza 10 au 11, unakirudisha upande uleule, ila mbali kidogo. Kwa hiyo ushirikiano unaotegemea kugusana hudhoofika kwa 5 na huweza kurejea kwa 10 au 11.

Mfano ambao sichoki kuutumia ni wa Ann Hochschild na Mark Ptashne, mwaka 1986. Walichukua vituo vya kizuizi cha lambda wakavitenganisha kwa umbali wa mizunguko kadhaa. Vilipotengana kwa mizunguko kamili 5 au 6, vizuizi viliendelea kushirikiana. Umbali ulipobaki na nusu mzunguko, ushirikiano ulikufa. Zaidi ya hapo, kimeng'enya cha kukata DNA kilionyesha kwamba sehemu iliyo kati ya vituo, isiyoshikwa na kitu chochote, inakatwa kwa urahisi na kwa ugumu kwa kupokezana kila baada ya besi 5 hivi. Hiyo ndiyo alama ya DNA iliyokunjwa: upande wa nje wa pindo umefunguka, upande wa ndani umebanwa. Protini mbili zilikuwa zimeikunja DNA ili zigusane.

Kugusana, hata hivyo, si njia pekee, na ni kosa kudhani kwamba ukikosa mgusano umekosa ushirikiano. Kwenye enhansa (kipande cha DNA kinachoongeza unakili) ya jeni ya interferoni beta, vidhibiti vinane vimepangwa juu ya jozi 55 hivi za besi, na picha ya umbo lake iliyotolewa mwaka 2007 na Panne, Maniatis na Harrison ilionyesha migusano michache mno kati ya protini na protini. Sehemu kubwa ya ushirikiano hupitia DNA yenyewe: kidhibiti cha kwanza huipinda au huipanua mifereji yake, na umbo hilo jipya ndilo analolipenda jirani. Ili kutofautisha njia hizi mbili, badilisha asidi amino zilizo kwenye uso wa mgusano unaoushuku, bila kugusa sehemu inayoshika DNA. Kidhibiti kilichobadilishwa kikishika kituo chake kikiwa peke yake kwa nguvu ileile ya zamani, lakini kizidishi kikashuka hadi karibu na 1, umeupata uso wenyewe. Kisiposhuka, geukia DNA, ubadilishe besi zilizo kati ya vituo.

Usitarajie kwamba jozi moja ya vidhibiti ina mpangilio mmoja tu. Vidhibiti Sox2 na Oct4 hushirikiana kwenye enhansa ya jeni ya Fgf4 vituo vikiwa vimeachana kwa jozi 3 za besi, na hushirikiana pia kwenye ile ya Utf1 ambako hakuna jozi hata moja kati yao, kwa kutumia nyuso tofauti. Kwa hiyo jaribu umbali kadhaa kabla ya kusema hapana.

Njia ya tatu haionekani kabisa kwenye jeli ya DNA tupu. Ndani ya seli, jozi 147 za besi huzungushwa juu ya histoni nane, protini za kufungia DNA, na kuwa nyukliosomu. Vidhibiti viwili vyenye vituo ndani ya nyukliosomu moja vinasaidiana kwa sababu vina mpinzani mmoja: cha kwanza kikifaulu kuifungua DNA, cha pili hukuta mlango wazi. Hapa umbali hauhitaji kuwa kamili, mzunguko wa msokoto haujalishi sana, na kizidishi chako cha kwenye jeli kitakuwa 1 huku seli zikionyesha ushirikiano wa wazi. Ukikutana na mgongano wa namna hiyo, rudia jaribio kwa DNA iliyofungwa kwenye histoni kabla ya kulaumu mojawapo ya majaribio yako.

Ndani ya seli

Jaribio la kawaida ni kuunganisha vipande vinne vilevile na jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, kuviingiza ndani ya seli, na kupima mwanga. Lina mtego mmoja mkubwa. Tuseme kituo cha A peke yake kinaongeza mwanga mara 3, na cha B mara 4. Vyote viwili vikitoa mara 12, wengi huandika kwamba wameona ushirikiano wa kushika DNA, kwa kuwa 12 ni zaidi ya 3 kujumlisha 4. Lakini vidhibiti viwili visivyojuana, kimoja kikiharakisha kufika kwa polimerasi ya RNA (kimeng'enya kinachonakili jeni) na kingine kikiharakisha kuondoka kwake kwenye promota (mahali unakili unapoanzia), vitazidishana vyenyewe na kutoa 12 kamili. Mwanga hupima unakili, haupimi ushikaji. Vivyo hivyo ramani za jenomu zinazoonyesha A na B mahali pamoja: sampuli ina mamilioni ya seli, na inawezekana A amekaa katika nusu yake na B katika nusu nyingine, wasikutane kamwe.

Kipimo kinachofaa ni kumwondoa B na kuangalia A anabaki wapi, kwa kumkamata A juu ya DNA kwa kingamwili na kupima kituo chake kwa PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA. Mwondoe B haraka, kwa kumbandika kipande kinachomfanya aharibiwe na seli ndani ya saa moja au mbili baada ya kuongeza dawa. Ukifuta jeni ya B na kusubiri siku kadhaa, seli itakuwa imebadilisha mambo mengi, pengine hata kiasi cha A, nawe hutajua kilichomwondoa. Pima kiasi cha A katika seli nzima siku hiyohiyo.

Kisha fanya kinyume: mwondoe A, umwangalie B. Mara nyingi utaona kwamba A anamhitaji B, lakini B hamhitaji A, na utashawishika kuandika kwamba B ni kiongozi na A ni mfuasi. Rudi kwenye karatasi kwanza. Mwachie A ule uzito wa 0.25, mpe B uzito wa 19, yaani anashika asilimia 95 akiwa peke yake, na kizidishi kibaki 16. Wakiwa pamoja, A anapanda kutoka asilimia 20 hadi 79, huku B akipanda kutoka 95 hadi 98.7 tu, badiliko ambalo hakuna kingamwili itakayoliona. Kizidishi ni kimoja kwa wote wawili; tofauti ni kwamba B alikuwa ameshajaza kituo chake na hakuwa na nafasi ya kusaidiwa. Badilisha besi moja ya kituo cha B ili ashike kwa nusu tu, urudie jaribio, na uone kama utegemezi wake kwa A unajitokeza.